Mpira wa runingani baada ya kazi: Unapumzika au unaongeza zamu?

Shemeji yangu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Desemba mwaka juzi zilipita wiki tatu ambazo dada yangu alimwona mumewe kwa taa ya usiku tu. Aliondoka Tabata saa kumi na moja alfajiri kabla malori hayajaziba Barabara ya Mandela, akarudi saa nne usiku akiwa na simu mbili, zote zikilia. Wenye mizigo walitaka makontena yao yatoke kabla ya Krismasi, na kila mmoja aliamini kontena lake ndilo limecheleweshwa kwa makusudi.

Jumamosi moja kazi ikalegea. Alilala hadi saa tatu asubuhi, akanywa chai, akamwambia dada: "Leo sitaki kusikia habari ya kontena. Leo ni mpira tu."

Akaanza na mechi ya England ya saa tisa na nusu alasiri, akaunganisha na ya saa kumi na mbili. Ya saa mbili na nusu usiku ilikuwa ya timu yake, hivyo akaenda kuiangalia kibanda umiza, kwa kuwa mpira wa peke yako sebuleni, anavyosema mwenyewe, ni kama pilau bila chumvi. Alikuwa ameweka mkeka. Alikuwa amekula chipsi mayai na kunywa vinywaji viwili vya kuongeza nguvu.

Kipindi cha pili kifua kikaanza kuwa kizito, kama mtu amemkalia. Jasho la baridi likamtoka. Akajiambia ni gesi, akaagiza soda. Dakika za mwisho timu yake ikasawazisha na kibanda kizima kikaruka. Yeye akabaki amekaa. Rafiki yake wa benchi moja ndiye aliyeshtuka: shabiki wa miaka 20 haruki bao la timu yake? Alipomtazama usoni hakungoja mechi iishe. Alimpakia kwenye bajaji.

Hospitali walimkuta na presha ya 190 kwa 112, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kuwa sehemu ya moyo wake haipati damu ya kutosha. Alilazwa siku sita. Daktari alimuuliza mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini. Hakukumbuka. Ana miaka 46.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, wala si kwa ajili ya kumtisha mtu aache mpira. Mimi mwenyewe siuachi. Ila wengi wetu, tukitoka kwenye kipindi kigumu cha kazi, tunakimbilia runinga tukiamini tunapumzika. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine tumeuongezea mwili zamu nyingine bila kujua.

Mpira unapumzisha, kwa sababu zake

Tuanze na upande mzuri, kwa kuwa upo na ni wa kweli.

Sabine Sonnentag, mtaalamu wa saikolojia ya kazi wa Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyopata nguvu upya baada ya kazi. Mwaka 2007 yeye na mwenzake Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrudisha mtu katika hali yake. La kwanza ni kuachana na kazi kimawazo, si kutoka ofisini kwa miguu tu. La pili ni kutulia mwili na akili. La tatu ni kujishughulisha na kitu kinachokupa ujuzi au changamoto nyingine, kama bustani, kwaya au kujifunza lugha. La nne ni kuwa na uhuru wa kuamua utautumiaje muda wako.

Kwenye hilo la kwanza, mpira una nguvu kubwa. Mtu aliyejilaza kitandani na mafaili kichwani bado yuko kazini. Lakini beki anaporudisha pasi fupi kwa kipa na mshambuliaji anainyemelea, hakuna anayekumbuka bosi alisema nini asubuhi. Dakika 90 zinakutoa kwenye mawazo ya kazi kuliko hata usingizi wa mang'amung'amu.

Halafu kuna watu. Wanaume wengi hawana mahali pa kusema "nimechoka" au "mambo yamenishinda". Kibandani hakuna anayewauliza hayo, lakini wanakaa bega kwa bega na wenzao, wanacheka, wanarushiana utani wa Simba na Yanga, wanarudi nyumbani wakiwa wepesi. Ni dawa usiyoandikiwa na daktari. Anayekuambia mpira wa runingani ni kupoteza muda tu hajawahi kuutazama akiwa amechoka kweli.

Mwili haujui kuwa ni mchezo

Shida inaanzia kwenye lile jambo la pili, kutulia.

Ukiona hatari, ubongo unaamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, presha inapanda, mishipa mingine inabana, sukari inaongezeka kwenye damu. Ni mpango mzuri kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Mikwaju ya penalti huamsha mpango huohuo, tofauti ni kwamba hukimbii popote. Umekaa, na moyo unafanya kazi ya mtu anayekimbia.

Watafiti waliwapima mashabiki wa Hispania siku ya fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, Hispania ilipocheza na Uholanzi. Kotisoli kwenye mate yao ilikuwa juu kuliko siku ya kawaida, na ilipanda zaidi kwa waliokuwa mashabiki wakubwa.

Kwa moyo ulio mzima, kupanda huko si tatizo. Mechi ikiisha, mambo yanarudi chini. Tatizo ni kwa mwenye mishipa ya moyo iliyokwisha kuziba kwa mafuta, au mwenye presha ya muda mrefu isiyotibiwa. Mwaka 2008 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Munich na maeneo jirani wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilikuwa mara 3.26, kwa wanawake mara 1.82. Wengi walipata tatizo ndani ya saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza, na karibu nusu ya waliopatwa walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Si kila utafiti uliofuata katika nchi nyingine umeona ongezeko kubwa namna hiyo. Lakini madaktari wengi wa moyo wanaichukulia mechi ngumu kama kichocheo kinachoweza kumwangusha mtu ambaye tayari yuko ukingoni.

Hapa Afrika hatujasahau usiku wa Februari 7, 2024, Nigeria na Afrika Kusini zilipokutana nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Bouaké, Ivory Coast. Mchezo ulikwenda hadi penalti na Nigeria ikashinda 4-2. Vyombo vya habari vya Nigeria viliripoti vifo vya mashabiki kadhaa waliozidiwa wakati wakiutazama, akiwemo mbunge wa zamani. Timu yao ilishinda, wao hawakuwepo kushangilia.

Kazi ndefu, kisha mechi ndefu

Sasa mchukue mtu huyo ukingoni, umtangulizie wiki tatu kama zile za shemeji yangu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa tathmini ya pamoja kuhusu saa nyingi za kazi. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na saa hizo.

Piga hesabu yako. Anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku kwa siku sita amefanya saa 72. Mwenye duka Kariakoo, dereva wa daladala, muuguzi anayeunganisha zamu, mhasibu anayefunga mahesabu ya mwaka, wote wamo. Kotisoli yao haishuki inavyotakiwa, usingizi ni mfupi, chakula ni cha haraka, presha inapanda taratibu bila kupiga hodi. Kisha siku ya kwanza ya mapumziko tunaupa mwili huohuo mechi tatu mfululizo.

Usiku wa saa tano

Kitu ambacho mpira unaiba kimyakimya ni usingizi.

Ulaya wanaporudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa zilizokuwa zikianza saa nne usiku kwetu zinasogea hadi saa tano. Mechi inaisha karibu na saa saba usiku. Ongeza uchambuzi, ongeza mabishano ya kwenye kundi la WhatsApp, ongeza bodaboda ya kurudi nyumbani. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, umelala saa tatu na dakika kadhaa. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba.

Hata ukiingia kitandani mara tu kipenga kinapolia, moyo bado haujashuka. Ndiyo maana unajigeuza huku ukiliona lile bao la kukosa. Kahawa ya kijiweni na vinywaji vya kuongeza nguvu vinazidisha: kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane bado inakupigia kelele. Bia nazo zinadanganya. Zinakulaza haraka, kisha zinakatakata usingizi wa alfajiri, ukaamka na uchovu uleule uliolala nao.

Aliyemaliza kipindi kigumu cha kazi ana deni la usingizi. Deni hilo hulipwa kwa usingizi tu. Mechi haiwezi kulilipa hata kama timu yako imeshinda mabao matano.

Mkeka na simu

Kuna vitu viwili vinavyougeuza mpira kuwa kazi kabisa.

Cha kwanza ni mkeka. Aliyeweka fedha ya ada ya mtoto kwenye timu nane haangalii mpira, anaangalia deni. Kona inayopigwa huko Italia, kwenye mechi asiyoijua mchezaji hata mmoja, inampandisha presha. Akishinda anaongeza dau, akishindwa anatafuta cha kufidia. Lile jambo la nne, uhuru wa kuamua, limekwisha. Kama kubeti kumefika mahali unaficha kiasi ulichopoteza au unakopa ili kurudisha, hapo si burudani tena, ni ugonjwa wa uraibu. Unatibika, na hospitali zenye huduma ya afya ya akili zinaupokea.

Cha pili ni simu ya kazini. Umeketi, mechi imeanza, na kila dakika tano unajibu ujumbe wa ofisini. Macho yako uwanjani, akili iko kazini, na mwili umekesha bure. Dada yangu alikuwa na maneno yake kuhusu hali hiyo: "Nyumbani yupo, lakini hayupo."

Usijihukumu bure

Wapo wanaoharibu mapumziko kwa njia nyingine kabisa: kujilaumu. Wanaangalia mechi huku moyo ukiwasuta kwamba kuna ripoti haijaandikwa, kuna ukuta haujapakwa rangi. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Mainz, Ujerumani, na Amsterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo yanayofanana na hali hiyo. Waliotoka kazini wakiwa wamechoka zaidi ndio waliokuwa wepesi kuona runinga na michezo ya kompyuta kama uvivu na kuahirisha majukumu. Kwa sababu ya hatia hiyo, walipata nafuu ndogo kuliko ambayo wangeipata.

Kwa maneno mengine, anayehitaji pumziko zaidi ndiye anayejinyima. Ukishaamua kuangalia mechi, iangalie. Majukumu ya nyumbani yapange kabla yake au baada yake, na mwenzako nyumbani ajue. Mechi iliyopatanwa haina ugomvi ndani yake.

Namna ya kuutazama ukapumzika

*Chagua mechi.* Wikiendi ya kwanza baada ya kazi nzito, mechi moja au mbili zinatosha. Kama unataka kutulia hasa, chagua hata moja ambayo huna timu ndani yake. Utaona mpira mzuri bila moyo kwenda mbio.

*Lala kwanza.* Kama una deni la usingizi, usiku wa kwanza uwe wa kulala. Mechi ya saa tano usiku katikati ya wiki iangalie kwa marudio jioni ya kesho yake, ukizima arifa za matokeo.

*Simama mapumziko.* Mapumziko ya mechi ni dakika 15. Tembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. WHO inashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Mechi tatu mfululizo ni zaidi ya saa tano za kukaa, na miguu nayo ina haki yake.

*Kula kabla ya kwenda.* Mtu aliyekula wali, maharage na mchicha nyumbani hali chipsi sahani mbili kibandani. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo imo ile ya kwenye mishikaki na kachumbari. Maji yakae karibu.

*Dawa zisikose saa zake.* Kama unatumia dawa za presha, kisukari au moyo, zimeze kama ulivyoelekezwa hata siku ya fainali. Wengi huziruka kwa kuwa wametoka nyumbani mapema.

*Ukiona inazidi, toka nje.* Mapigo yakienda mbio, pumua taratibu, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Hakuna sheria inayokulazimisha kuona penalti.

*Pima presha.* Duniani watu wazima zaidi ya bilioni moja wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Kipimo kinachukua dakika chache na kipo hadi kwenye zahanati. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, muone daktari. Kama umevuka miaka 40, una kitambi, unavuta sigara au wazazi wako walikuwa na presha, usingoje dalili, kwa sababu presha mara nyingi haina dalili.

Dalili ambazo hazingoji kipenga

Hili ndilo ningependa ulikate na kulibandika ukutani, hata pale kibandani.

Kifua kubana au kuwa kizito kwa zaidi ya dakika chache, maumivu kusambaa hadi mkono, shingo, taya au mgongo, jasho la baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu, kizunguzungu. Kwa wanawake na wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa. Kukawepo uchovu wa ghafla, kichefuchefu au pumzi fupi tu. Hizo zinaweza kuwa dalili za mshtuko wa moyo.

Mdomo kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kukatika au kutoeleweka. Hizo ni dalili za kiharusi.

Kwa lolote kati ya hayo, mpeleke mtu hospitali sasa hivi. Usimpe soda ya kutoa gesi, usimpepee ukingoja aone mwisho, usimwache aendeshe gari mwenyewe. Kila dakika inayopita, sehemu ya moyo au ubongo inakufa na haioti tena. Na wewe unayekaa naye benchi moja, mtazame mwenzako. Shemeji yangu yuko hai kwa sababu rafiki yake alitoa macho kwenye runinga kwa sekunde tatu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tabata kuwatembelea. Kazi bandarini bado ni ileile, ila siku hizi moja ya simu zake inazimwa saa mbili usiku. Anatembea jioni na dada mara nne kwa wiki, anameza dawa zake, na mkeka ameuacha. Timu yake ilikuwa inacheza. Tuliangalia pamoja, tukapiga kelele, tukagombana kuhusu kadi ya njano.

Dakika ya 88 wapinzani wakapata penalti. Akasimama, akachukua kikombe chake cha maji, akaelekea barazani.

"Unakwenda wapi sasa, shemeji?" nikamuuliza.

"Nitasikia kwa majirani," akajibu, akaketi kwenye ngazi, akavuta pumzi polepole.